Jibu la mtaalamu: Picha ya eksirei ya tumbawe inasema miaka, densiti, au vyote viwili?

SWALI: Mimi ni mpiga eksirei katika hospitali moja ya mkoa huku pwani. Hivi karibuni mwanafunzi wa sayansi ya bahari aliniomba nimpigie picha vibamba vitatu vya tumbawe, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama futi moja. Nilistaajabu kuona mikanda myeupe na myeusi ikipokezana kutoka chini hadi juu mfano wa pete za mti. Mwanafunzi alisema kila jozi ni mwaka mmoja, akahesabu, akapima upana wa mikanda kwa rula, akashukuru na kuondoka. Mimi nimebaki na maswali. Je, ni kweli kwamba hiyo ni miaka? Mkanda mweupe ni wa msimu gani? Na je, weupe huo unaweza kutupa densiti halisi ya tumbawe, yaani uzito wake kwa kila kipimo cha ujazo, kama tunavyopima mifupa ya binadamu?

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa swali lako, hasa sehemu yake ya mwisho, kwa sababu wengi wanaopeleka matumbawe hospitalini hawaulizi hilo. Kwa ufupi, ndiyo, katika matumbawe mengi ya aina hiyo jozi moja ya mikanda ni mwaka mmoja. Msimu wa mkanda mweupe hubadilika kutoka bahari moja hadi nyingine, na hautambuliki kwa kuitazama picha peke yake. Weupe wenyewe si densiti. Ni kivuli tu, na kivuli hicho hugeuka kuwa densiti pale tu unapojua unene wa kibamba, unapokuwa na kipimo rejea ndani ya picha ileile, na unapokuwa na hakika kwamba kibamba kilikatwa kufuata njia ambayo tumbawe lilikulia. Mwanafunzi wako aliyepima kwa rula alichukua nusu ya habari iliyokuwa mbele yake, na nusu aliyoiacha ndiyo ambayo katika miaka hii ya bahari kupata joto tunaihitaji sana.

Nianze na jiwe lenyewe. Bila shaka vibamba ulivyoletewa ni vya Porites, yale matumbawe manene ya mviringo ambayo huota kama kuba chini ya maji na huweza kuishi karne kadhaa. Watu wa pwani wanalijua jiwe hili tangu zamani. Mafundi wa Kilwa na wa miji mingine ya kale walilikata likiwa bado bichi kutoka baharini, wakalichonga mihirabu na miimo ya milango, kwa sababu likiwa bichi ni laini na huchongeka vizuri, kisha likikauka hukaza. Ulaini huo na wepesi wake hutokana na matundu. Kiunzi cha tumbawe kimejengwa kwa aragonaiti, ambayo ni aina ya kalsiamu kaboneti, na aragonaiti tupu ina densiti ya takriban gramu 2.93 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Lakini ukipima kipande cha Porites pamoja na matundu yake, mara nyingi utapata kati ya gramu 1.0 na 1.7. Chukua kipande chenye gramu 1.25: zaidi ya nusu ya ujazo wake, kama asilimia 57, ni uwazi mtupu. Kwa hiyo tunapozungumzia densiti ya tumbawe hatuzungumzii densiti ya madini yenyewe, ambayo haibadiliki, bali tunazungumzia unene wa vikuta vidogo vinavyotenganisha matundu hayo. Katika msimu mmoja tumbawe hujenga vikuta vinene, katika msimu mwingine vyembamba, na tofauti hiyo ndogo, isiyoonekana vizuri kwa macho hata ukikishika kibamba mkononi juani, eksirei huidhihirisha mara moja, kwa kuwa kalsiamu hufyonza mionzi kwa nguvu na hewa iliyomo kwenye matundu haifyonzi karibu chochote.

Kwamba jozi ya mikanda ni mwaka mmoja, hilo lilithibitishwa kwa njia ya kusikitisha. Kati ya mwaka 1948 na 1958 Marekani ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika kisiwa cha Enewetak, Visiwa vya Marshall. Strontiamu yenye mionzi iliyotokana na milipuko hiyo iliingia majini, na kwa kuwa strontiamu hufanana kikemia na kalsiamu, matumbawe yaliyokuwa hai yaliijenga ndani ya viunzi vyao. Watafiti Knutson, Buddemeier na Smith walichukua matumbawe ya hapo, wakayakata vibamba, wakayapiga eksirei, kisha wakaviweka vibamba hivyohivyo juu ya filamu gizani ili mionzi iliyomo ndani ya tumbawe ijichore yenyewe. Mistari ya mabomu, ambayo miaka yake ilijulikana, ilipatana na hesabu ya mikanda ya eksirei. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972, na tangu hapo kuhesabu mikanda kumekuwa njia ya kawaida ya kujua umri wa tumbawe.

Hata hivyo, tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, mkanda unaweza kukosekana au kuonekana maradufu, kwa hiyo hesabu ya kibamba kimoja pekee haiaminiki mpaka ilinganishwe na vibamba vingine vya mahali hapohapo. Pili, mkanda wa nje kabisa haujakamilika. Nyama hai ya Porites haiishi juu ya uso tu. Imezama ndani ya kiunzi kwa milimita kadhaa, na katika kina hicho chote vikuta bado vinaendelea kunenepa. Densiti ya milimita hizo za juu hubadilika mpaka nyama itakaposonga mbele na kuziacha, na ndiyo sababu pia mpaka kati ya mkanda na mkanda hauwi mkali kama ule wa pete ya mti. Anayepima sehemu hiyo na kuilinganisha na miaka ya nyuma ataona tumbawe limedhoofika juzijuzi, kumbe bado linajenga.

Kuhusu msimu, jibu la kweli ni kwamba inategemea mahali. Katika Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia mkanda mzito kwa kawaida huota wakati wa kiangazi cha huko, maji yakiwa ya joto. Usiuhamishe utaratibu huo moja kwa moja mpaka kwetu. Huku pwani ya Afrika Mashariki maji hufikia joto la juu kuelekea mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi na Aprili, kisha kusi huleta maji ya baridi zaidi, mawingu na mawimbi. Lakini mwanga, chakula na matope ya mito navyo hubadilika pamoja na pepo hizo, na densiti huitikia mchanganyiko wao wote. Njia ya kuaminika ni kuchukua unga kidogo kutoka kila mkanda na kupima isotopu za oksijeni (aina zake zenye uzito tofauti) au uwiano wa strontiamu na kalsiamu, vipimo ambavyo hufuata joto la maji, kisha kuona mkanda mweupe unaangukia kwenye joto au kwenye baridi. Kama maabara hiyo haipo, tarehe ambayo tumbawe lilichukuliwa baharini husaidia sana, kwa hiyo mwombe mwanafunzi wako aiandike kwenye kila picha. Na aandike pia kama picha ni hasi au chanya. Kwenye filamu yako ya hospitali penye densiti kubwa huonekana peupe, lakini vitabu na makala nyingi huchapa picha iliyogeuzwa, ambamo mkanda mzito ni mweusi, na nimewaona watu wenye elimu ya kutosha wakibishana kuhusu misimu kwa sababu tu mmoja alikuwa na hasi na mwingine chanya.

Sasa niingie kwenye swali ambalo ndilo kiini cha barua yako. Umetaja upimaji wa mifupa ya binadamu, na ulinganisho huo ni mzuri. Mashine ya kupima densiti ya mifupa hutumia nguvu mbili tofauti za eksirei ili kuutenga mfupa na nyama inayouzunguka. Kibamba cha tumbawe kikioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa vizuri hakina nyama, kwa hiyo nguvu moja inatosha. Neno la kuzingatia ni kukaushwa: maji yaliyobaki ndani ya matundu hufyonza mionzi, na chumvi iliyoganda humo hufyonza zaidi, ndipo tumbawe jepesi linapojifanya zito.

Jambo la pili ni unene. Mionzi inayofika kwenye filamu hupungua kadiri ya densiti ikizidishwa kwa unene, na filamu haina uwezo wa kutofautisha kimoja na kingine. Wengi hukata vibamba vya milimita 6 hadi 8. Niliwahi kukaa siku nyingi na kibamba kimoja ambacho hesabu yake ilionyesha densiti ikishuka polepole kwa miaka zaidi ya ishirini, mteremko ulionyooka, uliokubaliana kabisa na hofu zetu juu ya bahari. Kabla ya kuuandika nilichukua kalipa ya vernia, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, nikakipima kibamba kwenye kingo zake, sentimita baada ya sentimita. Upande wa chini kilikuwa milimita 7.0, upande wa juu milimita 6.3. Msumeno wa almasi ulikuwa umepinda kidogo wakati wa kukata, na asilimia 10 ya upungufu niliyoiona haikuwahi kutokea baharini. Tangu siku hiyo sikubali namba yoyote ya densiti isiyoambatana na vipimo vya unene, na nakusihi nawe usiikubali.

Jambo la tatu ni mashine yenyewe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwale wa eksirei hauna nguvu sawa kila mahali: kati ya ncha mbili za mrija, upande wa anodi ni dhaifu kuliko upande wa kathodi, na pembezoni ni dhaifu kuliko katikati kwa sababu ya umbali. Kwa kifua cha mgonjwa tofauti hiyo haidhuru, lakini kwa kibamba chenye urefu wa futi nzima inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya densiti unayoitafuta. Weka mrija mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na piga picha moja tupu, bila kitu chochote mezani, kwa mipangilio ileile, ili tofauti za mwale ziondolewe baadaye kwenye kompyuta. Tumia kilovolti za chini, kama 50 hadi 70, maana hapo ndipo tofauti ndogo za kalsiamu hujitokeza vizuri. Zima udhibiti wa kiasi cha mionzi unaojiendesha wenyewe. Na kama mashine yako ni ya dijitali, tafadhali hifadhi data ghafi, kwa sababu programu za hospitali huiboresha picha ili daktari aone ufa wa mfupa kwa urahisi: huongeza ukali wa kingo na husawazisha mwanga na giza. Picha hupendeza machoni, lakini uhusiano kati ya pikseli na kiasi cha mionzi iliyopita huwa umeshavunjika, na hakuna hesabu itakayourudisha.

Halafu kipimo rejea. Ndani ya kila picha, kando ya kibamba, weka kabari au ngazi yenye unene unaojulikana. Alumini ndiyo hutumika sana kwa kuwa hupatikana na huchongeka kwa usahihi, na husaidia kusawazisha picha moja na nyingine. Ila alumini si kalsiamu; namna inavyofyonza mionzi hubadilika tofauti kilovolti zikibadilika, kwa hiyo peke yake haitoshi. Kilicho bora ni kuongeza kipimo cha aragonaiti yenyewe, kwa mfano kabari iliyochongwa kutoka gamba la chaza mkubwa, au vipande vya Porites vyenye unene sawa ambavyo densiti yake imepimwa kwa mkono: unapima uzito wake, unavipaka nta ili maji yasiingie kwenye matundu, unavizamisha, na kiasi cha maji kinachohamishwa, ukitoa cha nta, kinakupa ujazo. Ni kazi ya asubuhi moja, na vipande hivyo vitakutumikia miaka.

Linabaki suala la njia ya ukuaji, ambalo haliko mikononi mwako lakini utaliona kwenye picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuba la tumbawe hukua kama upepeo uliokunjuliwa, kutoka chini kuelekea pande zote. Kibamba kikikatwa sawasawa na njia hiyo, mikanda hutoka mikali na vijimirija vya polipu, wale wanyama wadogo wanaolijenga tumbawe, huonekana vikipanda juu kama nywele zilizochanwa. Kikikatwa kwa kukengeuka, mikanda ya miaka miwili hupandana ndani ya unene wa kibamba kimoja, mpaka kati yake na mwingine hufifia, na upana wa mwaka huongezeka kwa uongo. Ukiona sehemu ya aina hiyo, iwekee alama kwa penseli na umwambie mwanafunzi asiipime. Kama hospitali yako ina mashine ya CT, inayopiga eksirei kutoka pande zote na kutoa picha ya ndani, na kuna saa ambayo haina mgonjwa, tatizo hili hupungua sana, maana sampuli nzima hupigwa bila kukatwa, kisha njia ya ukuaji hufuatwa kwenye kompyuta kwa kila mwaka. Vipimo rejea vya aragonaiti bado vinahitajika. Usiwe na wasiwasi juu ya usalama: tumbawe lililopigwa eksirei halibaki na mionzi.

Kwa nini tujisumbue hivi badala ya kuhesabu mistari tu? Kwa sababu ukuaji wa tumbawe una pande mbili. Kuna urefu linaoongeza kwa mwaka, ambao ndio upana wa jozi ya mikanda, na kuna densiti. Ukizidisha kimoja kwa kingine unapata kiasi cha chokaa ambacho tumbawe limejenga kwa kila sentimita ya mraba ya uso wake. Tuseme linaongeza milimita 12 kwa mwaka lenye densiti ya gramu 1.25, limejenga gramu 1.5. Densiti ikishuka hadi 1.10 na urefu usibadilike, limejenga gramu 1.32, yaani limepoteza asilimia 12 ya kazi yake, na mwenye rula hataona tofauti yoyote.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2009 De'ath, Lough na Fabricius walichapisha vipimo vya matumbawe 328 ya Porites kutoka miamba 69 ya Australia, wakaonyesha kwamba ujenzi wa chokaa ulikuwa umepungua kwa asilimia 14.2 tangu mwaka 1990, na karibu upungufu wote ulitokana na urefu, si densiti. Mwaka 2013 watafiti wengine walihoji, pamoja na mambo mengine, namna mikanda ya mwisho ilivyotumika, ile ambayo nimekuonya juu yake, nao waandishi wakajibu wakishikilia kwamba upungufu upo. Kisha mwaka 2018 Mollica na wenzake wakaonyesha upande wa pili: pale ambapo maji ya bahari yanakuwa na asidi zaidi kwa sababu ya kaboni dayoksaidi, kinachoathirika katika Porites ni densiti, na urefu unaweza kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Basi huenda joto na asidi huligusa tumbawe mahali tofauti, na anayepima upande mmoja tu hawezi kujua ni lipi linalolisumbua.

Niongeze hapa kwamba densiti ndogo peke yake si ugonjwa. Lough na Barnes walipolinganisha Porites za sehemu mbalimbali waliona kwamba kila nyuzi 1 ya Selsiasi ya joto la wastani wa mwaka iliambatana na ongezeko la milimita 3.1 za urefu kwa mwaka, na penye urefu mkubwa densiti huwa ndogo. Tumbawe la maji ya joto hukimbia kwenda juu na hujenga vikuta vyembamba. Kwa hiyo usilinganishe tumbawe la mahali pamoja na la kwingine ukasema hili ni zima na lile ni gonjwa. Linganisha tumbawe na miaka yake lenyewe.

Bahari yetu imeshasomwa kwa njia hii. Kutoka Malindi kuna tumbawe lililotoa kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994, iliyochapishwa na Cole, Dunbar, McClanahan na Muthiga mwaka 2000. Isotopu ndizo zilizotoa habari ya joto la maji, lakini mikanda ndiyo iliyotoa kalenda. Tumbawe jingine la Malindi limeonyesha, kwa wingi wa bariamu iliyomo ndani yake, jinsi udongo unaoletwa na Mto Sabaki ulivyoongezeka katika karne ya 20, bara ilipofyekwa na kulimwa. Nikiliwaza jambo hilo huwa natulia kidogo: mkulima wa bara aliyepoteza udongo wa shamba lake ameandikwa ndani ya jiwe chini ya bahari.

Vibamba vyako vitatu vinaweza kuwa na mwaka 1998 ndani yake, mwaka ambao joto kali la El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania. Baadhi ya yaliyonusurika huonyesha mstari mwembamba mweupe sana, tofauti na mikanda ya kawaida, ulioota wakati wa taabu ile. Hesabu kutoka juu, ukianzia tarehe ya kuchukuliwa. Mstari huo ukiangukia 1998 katika vibamba vyote vitatu, kalenda yenu ina msumari wa kuishikilia. Vishimo vyeusi vya mviringo utakavyoviona hapa na pale ni kazi ya chaza na sponji wanaotoboa mawe. Viondolewe kwenye hesabu ya densiti.

Mwite mwanafunzi wako arudi na vibamba vilevile. Muulize kibali alichochukulia matumbawe hayo, kwa maana matumbawe ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sampuli ikihitaji kupelekwa maabara ya nje ya nchi bila karatasi itazuiwa. Muulize pia kama tundu lililoachwa kwenye tumbawe lililo hai lilizibwa kwa saruji, ili watoboaji wasiingie na nyama ipate kulifunika. Kisha apime unene kwa kalipa mbele yako, mpige picha tupu kwanza, halafu mviweke vibamba mezani pamoja na kabari na mpige ya pili.